Asteria Wawili

Mlango wa wodi ya watoto ulimkataa Asteria Mbwambo mbele ya watu. Haukupiga king'ora. Ulisema kwa sauti ileile ya upole inayowakaribisha wengine, "Samahani, mama. Huruhusiwi kuwakaribia watoto wagonjwa," kisha ukajifunga.

Mwanawe Elia alikuwa ndani. Alikuwa amepasuliwa moyo asubuhi ile, na sasa dawa ya usingizi ilikuwa imeanza kumtoka. Asteria alimsikia akiita "mama" kwa sauti ya kukwaruza, akanyamaza, akaita tena.

"Huyo ni mwanangu," aliuambia mlango. "Mimi ndiye niliyemleta jana. Jana uliniruhusu."

"Jana taarifa zako zilikuwa tofauti."

Aliugonga kwa kiganja, halafu kwa ngumi. Muuguzi mmoja akatoka kwa mlango wa pembeni. Alimtazama usoni, akatazama kioo kidogo alichovaa mkononi, akasogea nyuma kidogo. Kule kusogea nyuma ndiko kulikomchoma Asteria kuliko maneno ya mlango.

"Mama Elia, mimi sina uwezo wa kukufungulia," muuguzi alisema. "Mlango unasoma Kumbukizi. Nenda kwa wahariri. Jengo lao liko nyuma ya stendi ya zamani."

"Kumbukizi imesema nini?"

Muuguzi aliona aibu kulitamka. Akamgeuzia kioo asome mwenyewe.

*

Kumbukizi ilianza kama kamusi elezo ya mtandaoni, ya watu wa kujitolea walioandika habari za milima, machifu na magonjwa ya mihogo. Baadaye kila mtu akawa na ukurasa wake. Kisha benki zikaanza kuzisoma kurasa hizo kabla ya kutoa mkopo, shule kabla ya kuajiri, na mwishowe hata milango. Haikuwahi kupitishwa sheria kwamba iwe hivyo. Ilikuwa rahisi tu, na watu wakazoea.

Mhariri wa zamu mjini Dodoma siku hiyo, upande wa kurasa za watu walio hai, alikuwa Generoza Byabato. Alikuwa mwanamke mrefu wa Bukoba, mwenye sauti nzito na subira fupi. Aliwahi kumfukuza ofisini waziri mdogo aliyetaka kufutiwa talaka yake. Asteria alipoingia ameshika kandambili za mtoto mkononi, bila kujua kwamba amezishika, Generoza alimpa kiti na kuufungua ukurasa ukutani wausome wote wawili.

*Asteria Mbwambo ni mtaalamu wa umwagiliaji, mzaliwa wa Same. Kabla ya hapo alikuwa mfamasia msaidizi, na ilithibitika kwamba aliiba dawa za watoto katika zahanati na kuziuza, jambo lililosababisha vifo.*

"Mimi nimesomea mifereji," Asteria alisema. "Dawa nazijua za kumeza tu. Sijafanya kazi zahanati hata ya kufagia. Nani kaandika upuuzi huu?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu kuijua. Ngoja."

Generoza aliigusa sentensi ile, ukuta ukaonyesha chanzo chake. Kilikuwa jarida la afya. Alilifungua. Jarida lilisema *ilithibitika*, likataja kituo cha habari. Akakifungua kituo cha habari. Kituo hakikusema *ilithibitika*. Kilisema *imeripotiwa*, kikataja makala ya Kumbukizi kuhusu wizi wa dawa mkoani Tanga.

"Kumbukizi?" Asteria aliuliza. "Si ndiyo hii hii?"

"Ndiyo hii hii."

Akaifungua makala hiyo. Hapo neno lilikuwa *inadaiwa*, na chanzo chake kilikuwa sanduku la kijivu lililofungwa, limeandikwa: *Sauti ya mwananchi. Hufunguliwa mbele ya Baraza tu.*

Generoza alirudi nyuma, akasoma upya kutoka mwanzo. *Inadaiwa. Imeripotiwa. Ilithibitika.* Hakuna mtu aliyekwenda kwenye zahanati yoyote. Hakuna aliyeuliza polisi wala mahakama. Jarida lile liliandikwa na mashine, na habari ya kituo kile iliandikwa na mashine, kila moja ikimnukuu mwenzake na kuongeza chumvi kidogo, mpaka maneno yakarudi nyumbani yamevaa suti.

"Wanakunywa maji ya kisima walichokitemea wenyewe," alisema kwa hasira, "halafu wanaapa kwamba ni matamu."

"Dada, mwanangu analia kule."

"Najua. Naifuta sasa hivi."

Kulikuwa na kanuni ya tangu siku za wale watu wa kujitolea, na Generoza aliipenda kuliko kanuni nyingine zote: jambo baya juu ya mtu aliye hai, lisilo na chanzo kinachosimama kwa miguu yake, huondolewa kwanza, maswali baadaye. Anayetaka liwepo ndiye anayepaswa kulithibitisha. Aliyesemwa hadaiwi kuthibitisha lolote.

Akaifuta. Sentensi ikatoweka. Kabla Asteria hajainuka kitini, ikarudi.

"Imerudishwa," Mizani ilisema kutoka ukutani. Mizani ndiyo mashine iliyopima uzito wa kila jambo katika Kumbukizi, na iliupima kwa kuhesabu ni mara ngapi jambo limesemwa na ni wangapi wamelisema. "Uzito wa jambo hili ni mkubwa. Limetajwa katika vyanzo vingi."

"Vyanzo vyote ni kimoja!"

"Limetajwa katika vyanzo vingi," Mizani ilirudia, bila ubaya wowote.

Akafuta mara ya pili. Ikarudi mara ya pili, na chini yake maandishi mekundu: mhariri atakayefuta kwa mara ya tatu atafungiwa, na Baraza linalowasimamia wahariri litakutana siku hiyohiyo, hadharani.

*

Mwenyekiti wa Baraza, Hamadi Shekue, alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye tabia ya kusikiliza ameinamisha kichwa kama daktari. Alimsikiliza Asteria mpaka mwisho, akampa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli.

"Bi Generoza, nimeangalia," alisema. "Ni kosa la jina. Jambo lile liliingia usiku bila ukurasa, na Mizani haiwezi kuacha jambo zito lielee. Ilikuta akina Asteria Mbwambo wawili, umri mmoja, asili moja. Ikachagua ukurasa mrefu zaidi. Yule wa pili yuko Korogwe. Na yule kweli amewahi kufanya kazi zahanati."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lihamishe. Mizani haitakupinga, maana halifutwi, linahama tu. Mama huyu ataingia wodini sasa hivi. Sote tutakwenda kula."

Asteria alikuwa tayari amesimama. "Lihamishe, dada."

Generoza hakugusa kitu. "Chanzo chake ni kipi, huko linakohamia?"

"Ni chanzo kilekile," Shekue alisema.

"Basi halina chanzo hapa, na huko pia halina. Mnataka nichukue uchafu kwenye ua wa huyu niumwage kwenye ua wa mwenzake, niite usafi."

"Mimi huyo mwenzangu simjui," Asteria alisema, na sauti yake ikapanda. "Samahani, lakini simjui! Mwanangu ana mshono kifuani, anauliza mama yuko wapi, wanamwambia nini? Wewe una uhakika gani kwamba huyo wa Korogwe hakuiba?"

"Sina."

"Sasa?"

"Sina uhakika kwamba aliiba, sina uhakika kwamba hakuiba. Ndiyo maana siwezi kuandika."

"Una watoto wewe?"

Generoza alikuwa nao wawili, wakubwa, lakini aliona si swali la kujibiwa. Alichofanya ni kutafuta namba ya Korogwe na kupiga, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie. Shekue alinyanyua mkono kumzuia, kisha akaushusha.

Mwanamke alipokea. Nyuma yake watoto wengi walikuwa wakisoma silabi kwa pamoja. "Ba, be, bi... Ngojeni kidogo! Haloo, nani mwenzangu?"

Generoza alijitambulisha. Akauliza kama kweli amewahi kufanya kazi zahanati.

"Ndiyo, zamani. Mfamasia msaidizi. Niliacha nilipojifungua mapacha, sasa nafundisha chekechea. Kwani kuna nini?"

Generoza angeweza kusema hakuna kitu. Akamwambia yote, neno kwa neno, mpaka lile la vifo.

Kule Korogwe silabi ziliendelea bila mwalimu, zikaanza kupotea njia.

"Nani kasema?" yule mwanamke aliuliza hatimaye.

"Sijui."

"Kuna mzazi kalalamika? Kuna mtoto kafa, jina lake nani?"

"Hakuna jina. Hakuna anayejua."

"Hakuna anayejua, lakini mmeniona mimi." Sauti yake ilitetemeka, si kwa kilio. "Nipo darasani na watoto wa watu, mama. Hilo likiandikwa leo, kesho mlango wa darasa langu unanifungia nje. Ninyi ni watu gani?"

Generoza alisema atampigia tena, akakata. Hakumtazama mtu. Asteria alikuwa ameketi, kandambili za Elia magotini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia jambo ambalo angependa sana asingelisikia.

"Mimi bado nataka kuingia kwa mwanangu," alisema polepole.

"Na unastahili," Generoza alisema. "Ndiyo maana silihamishi. Nalifuta, kwako na kila mahali, na wanifungie."

"Bi Generoza," Shekue alisema, "ukifungiwa, ukurasa wako nao utaandikwa mhariri asiyeaminika. Milango itasoma. Utakosa hii kazi, na nyingine utaipata wapi?"

"Angalau hiyo itakuwa na chanzo. Wewe ndiye chanzo, Mwenyekiti, na umesimama hapa nakuona."

Akafuta mara ya tatu. Sentensi ikarudi, ukuta ukazimika, na mlango wa ofisi ukamwomba, kwa upole uleule, atoke nje.

*

Baraza lilikutana alasiri katika ukumbi wa chini. Wajumbe walikuwa watano, na mtu yeyote aliyetaka kusikiliza aliweza, popote alipo. Kwa kawaida walisikiliza wachache. Siku hiyo muuguzi wa wodi alikuwa ameongea na wenzake, wenzake wakaongea na wazazi, na wazazi wa watoto wagonjwa wana muda mwingi wa kukaa na simu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani.

Shekue alisoma shtaka. Hakuongeza wala kupunguza. Generoza alikiri moyoni kwamba alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoielewa haki. Kisha akauliza kama mhariri ana la kusema.

"Nina swali kwa Mizani," Generoza alisema. "Mizani, jambo hili lina uzito gani?"

"Mkubwa sana."

"Ondoa kila andiko lililolitoa Kumbukizi. Halafu ondoa kila andiko lililolitoa kwa hayo. Endelea hivyo mpaka umalize. Kinabaki nini?"

Mizani haikuwahi kuulizwa hivyo. Ilichukua muda, na ukumbini watu wakaanza kutazamana.

"Kinabaki kimoja," ilisema. "Sauti ya mwananchi."

"Baraza limekaa. Ifungue tuisikie."

Mjumbe mmoja alisema hapana, ni siri. Generoza akageuka kumtazama. "Mama mzima amezuiwa kumshika mwanawe kwa ajili ya sauti hiyo. Nasi hatuna hata haki ya kuisikia? Lificheni jina la msemaji. Maneno yake yafungueni."

Shekue alitikisa kichwa kukubali.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kutoka kundi la majirani wanaotumiana ujumbe wa sauti. Jogoo aliwika nyuma yake.

"...halafu nasikia yule Asteria wa zahanati alikuwa anauza dawa za watoto. Sijui jamani, mimi nasikia tu. Haya, nani ana nyanya? Mimi zimeniishia."

Ikaisha. Mtu mmoja nyuma ya ukumbi alicheka, akanyamaza haraka alipoona yuko peke yake.

"Hivyo tu?" Asteria aliuliza. Alikuwa amesimama bila kuombwa. "Hivyo tu? Mtu anatafuta nyanya, mwanangu analala peke yake na waya kifuani?"

Shekue alimwomba aketi. Hakuketi.

"Nilitaka limwangukie yule mwenzangu," Asteria aliendelea, sasa akiwaambia watu wote. "Mchana huu nilitaka. Nilimwambia huyu dada alihamishe, na mngenipa kitufe ningekibonyeza mwenyewe. Mmenifanya niwe mtu wa namna hiyo, mimi, kwa nusu siku tu. Kwa ajili ya nyanya!"

Generoza alizungumza mara moja tu baada ya hapo, na hakupaza sauti.

"Mashine ilihesabu midomo, haikuuliza hata mdomo mmoja umejuaje. Lakini mashine ni yetu. Sisi ndio tuliokaa hapa tukiangalia neno *nasikia* likikatwa, likabandikwa *inadaiwa*, tukasema sawa. Sisemi mama wa Korogwe ni mwema. Simjui. Nasema asiyejua na asiandike, na aliyeandika bila kujua aondoe. Mkinifungia kwa hilo, nifungieni."

Walipiga kura. Watatu walitaka jambo lile liondolewe kila mahali, kwa Asteria wote wawili, na kila andiko lililolibeba lisihesabiwe tena kuwa chanzo. Wawili walikataa, mmoja akisema kwa dhati kabisa kwamba huu utakuwa mwanzo wa fujo. Shekue alikuwa miongoni mwa wale watatu.

Kisha wakapiga kura ya pili, juu ya mhariri aliyeidharau Mizani. Wanne walitaka abaki amefungiwa mwaka mzima. Shekue alikuwa miongoni mwa wale wanne.

"Kanuni ni kanuni, Bi Generoza," alisema, na macho yake yaliomba aeleweke.

"Nimeelewa," alisema Generoza. "Sijakubali."

Asteria hakusubiri kura ya pili. Alikuwa ameshaondoka, karibu anakimbia. Muuguzi alisimulia baadaye kwamba mlango wa wodi ulimwambia "karibu, mama" kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea, naye akautemea mate kabla ya kuingia. Alimkuta Elia amechoka kulia. Akapanda kitandani na viatu, akajikunja ubavuni mwake upande usio na mshono, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke.

*

Generoza alikuwa nje, kwenye ngazi za jengo ambalo halikumtaka tena, alipompigia yule wa Korogwe kama alivyoahidi. Watoto wa chekechea walikwishakwenda nyumbani. Alimweleza yaliyotokea.

"Huyo aliyesema ni nani?" Asteria wa Korogwe aliuliza. "Ni jirani yangu? Kile kipande cha sauti yake nilikisikia kwenye simu, kama naifahamu. Niambie jina."

"Jina sikupewa. Na ningepewa nisingekuambia."

"Unamlinda?"

"Yule alisema *nasikia*, akasema *sijui*. Katika wote walioligusa jambo hili, yeye peke yake ndiye aliyesema kiasi anachokijua. Nikikupa jina lake, kesho yeye ndiye atakuwa na ukurasa mchafu."

Yule mwanamke alivuta pumzi kwa nguvu. Hakuridhika, na hakujidai ameridhika. "Haya. Na ukurasa wangu mimi sasa umeandikwa nini?"

"Jina lako na mwaka uliozaliwa."

"Basi?"

"Basi."

"Nimefundisha watoto kusoma miaka chungu nzima. Wengine nimewafundisha na wazazi wao. Weka hilo."

Generoza alifumba macho. "Kuna mahali limeandikwa? Gazetini, kwenye ripoti, popote?"

"Nani aje aandike habari za chekechea?"

"Basi haliwezi kuwekwa."

Sauti ikaja, kali kuliko ya mchana. "Hebu nikuulize. Ubaya uliingia humo bila hata kupiga hodi. Wema wangu ndio unaoombwa vyeti?"

"Ndiyo," Generoza alisema. "Na inaniudhi kama inavyokuudhi. Lakini nikiupitisha wema wako bila chanzo, mlango huohuo ndio ubaya utakaoutumia kesho." Akasimama. Watu walikuwa wanatoka ukumbini na kumpita pembeni. Wawili watatu walimgusa bega. "Nisikilize. Mhariri haruhusiwi kwenda kuchunguza mwenyewe halafu ajinukuu. Mimi si mhariri tena, kwa mwaka mzima. Hakuna anayenizuia kupanda basi, nikakaa nyuma ya darasa lako, nikaongea na wazazi, nikaenda na kwenye ile zahanati kuuliza kila kitu, na hili la dawa pia. Nitakachokiona nitakiandikia gazeti, kwa jina langu. Kikiwa kizuri nitaandika kizuri. Kikiwa kibaya nitaandika kibaya, na nitasema nani kaniambia."

"Utauliza na hili la dawa?"

"Nitauliza."

Mwalimu alifikiri. Generoza alimsikia akiburuta kiti, akifunga dirisha.

"Uliza," alisema. "Uliza kila mtu. Lakini usije Jumanne, watoto wanapimwa uzito, hakuna kinachofanyika. Njoo Jumatatu, mapema. Na uje na kalamu, usije na mashine."

"Nitakuja Jumatatu," Generoza alisema, akaanza kuteremka ngazi.